Mwaka Sikio Langu Lilipomtaja Kabula

Nilikwenda kwenye msiba wa Mama Zaituni nikiwa na hasira za wiki mbili, na hasira hizo hazikumhusu marehemu. Zilimhusu daktari wa masikio, binti mdogo mwenye adabu zake, aliyeniamkia shikamoo vizuri kabisa, akanipima ndani ya chumba kisicho na dirisha, kisha akaanza kunihoji maisha yangu yote kana kwamba nimeshtakiwa. Unakunywa kahawa, mama? Vikombe vingapi? Chumvi unaongeza mezani? Unalala saa ngapi kwa siku? Kichwa kikiuma unameza nini, na mara ngapi? Masikio unayasafisha kwa kitu gani? Umewahi kufanya kazi kwenye makelele? Nilijibu yote bila kuficha, nikitegemea kwamba mwishoni atanyoosha kidole kwenye jambo moja na kuniambia, hili hapa, mama, ndilo lililokuharibia sikio. Badala yake alifunga faili akasema, "Huenda ni kimojawapo kati ya hivyo, huenda vimechangia vyote kwa pamoja, na huenda ni umri tu. Kwa uhakika siwezi kukwambia." Nina miaka hamsini na minane. Mlio huu ninao tangu nikiwa na ishirini na minne. Nimepanda mlima wa hospitali na magoti yangu haya mabovu, nimekaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi, halafu naambiwa huenda.

Kwa hiyo nilipofika Igogo, kwenye ile nyumba ya marehemu, ya juu ya mawe, niliyopanga ujanani, sikuwa na machozi ya kutosha. Nilimpa pole Zaituni, bintiye marehemu, ambaye naye sasa ni bibi wa watu, nikatafuta mahali pa kukaa. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye jabali upande mmoja na kwenye nguzo ya umeme upande mwingine, na viti vya plastiki vilikuwa vimeinama kufuata mteremko, kama zamani tulivyokuwa tunainamisha vigoda vyetu. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele, na kati yao, kwenye mkeka, kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekaa mgongo wima, viwiko vimebana mbavu, vidole vikienda haraka haraka juu ya ungo. Nilimtambua kwa ukaaji huo kabla sijauona uso. Alikuwa anakaa hivyo hivyo kitandani akijifunza kupiga taipu juu ya kipande cha boksi alichokuwa amekichorea herufi. "Mwangaluka, Vene," akaniamkia Kisukuma bila mshangao wowote, kama mtu tuliyeachana naye juzi Jumamosi. Nilikuwa sijamwona Kabula kwa miaka thelathini na minne, na sababu ya kutomwona ilikuwa mimi.

Habari za kwetu Ukerewe naziacha, hazina kosa katika jambo hili. Mwaka ninaousimulia ulianza nilipopata kazi kwenye kibanda cha Bwana Rajabu, karibu na soko kuu la Mwanza. Tulikuwa tunarekodi kanda. Mteja anakuja na karatasi yenye majina ya nyimbo, anachagua kanda tupu, anaacha jina lake, anarudi kesho kuchukua. Wateja wetu walikuwa watu wa harusi, wenye baa, wanafunzi waliopenda, na mabaharia wa meli za mizigo waliotaka muziki wa kuwafikisha Bukoba bila kusinzia. Kazi ile haikuwa na njia ya mkato. Kanda ya saa moja ilirekodiwa kwa saa moja, na mrekodi alitakiwa aisikilize yote, maana redio kaseti zetu zilikuwa na tabia ya kutafuna utepe pale tu ulipogeuza macho. Nje ya kibanda Bwana Rajabu alikuwa ameweka spika mbili kubwa za kuita wateja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mshindani wetu, naye ana mbili. Akiongeza sauti, Bwana Rajabu anaongeza. Na mimi niliyekaa katikati na hedifoni kichwani, ili nisikie ninachorekodi, nilikuwa naongeza kuliko wote wawili. Nikikumbuka sasa nataka kumpiga kofi yule msichana niliyekuwa. Nilikuwa naizungusha swichi mpaka mwisho, siku sita kwa wiki, na bado nikaona fahari, kwa sababu pale mtaani mrekodi mwenye hedifoni alionekana fundi, si muuzaji.

Chumba tulikuwa tunakaa wawili, mimi na Kabula, Msukuma wa Misungwi mwenye umri wangu. Asubuhi alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli ya chai, mchana anakwenda chuo cha uhazili, jioni anarudi na daftari lake la hati mkato kwapani. Chumba kilikuwa kwa jina langu, maana mimi ndiye niliyetangulia, yeye alinikuta. Kilikuwa na vitanda viwili, pazia la kitenge katikati, dirisha moja linalotazama jabali, na ukuta usiofika kwenye bati, kwa hiyo chafya ya chumba cha tano ilijibiwa "afya!" chumba cha kwanza. Ukitoka mlangoni na kunyoosha shingo unaliona ziwa, kipande kidogo kati ya mapaa mawili, na sisi tulijisifu kwa wageni kwamba tunaishi kwenye nyumba inayoona maji. Aliyekuwa anapika ni Kabula, barazani mbele ya mlango wetu, kwenye jiko lake la mafuta ya taa la kupampu, zawadi ya shangazi yake, ambalo likishika moto lilikuwa linanguruma mpaka maharage yaive. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na dagaa, au mapanki, yaani ile mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kuchukuliwa, ikikaangwa mpaka inatafunika. Kabula alikuwa anatia chumvi ya kiasi. Mimi niliongeza. "We Vene, unakula chumvi au unakula samaki?" alikuwa ananiuliza, nami nilikuwa namjibu kwamba mtu wa kisiwani haogopi chumvi, jambo ambalo halina maana yoyote kwa sababu ziwa letu ni la maji baridi.

Naandika hivi vitu kwa sababu daktari alivitaja kimoja kimoja, na kila alipokitaja nilikiona. Kahawa: nilikuwa nakunywa ile chungu ya vikombe vidogo, ya yule mzee wa birika aliyepita mbele ya kibanda mara nne kwa siku, na mara zote nne nilinyoosha mkono. Usingizi: nilikuwa naamka saa kumi na moja kuwahi foleni ya maji ya bomba, na usiku nasubiri nyumba ilale kwanza. Vidonge: kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku kuanzia saa nane mchana, sijui kwa nini, nilisema, nikiwa nimekaa katikati ya spika nne. Nilikuwa nanunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani kwa Mpemba, navitafuna vikavu, viwili mchana na viwili jioni, kama karanga. Na kijiti cha kiberiti. Hapo daktari alifumba macho kidogo. Nikamwambia ukweli, kwamba nyumba yetu yote ilikuwa inachokonoa masikio kwa vijiti vya kiberiti, wenye haraka kwa ufunguo, na Mama Zaituni kwa unyoya wa kuku, na kwamba jioni barazani ilikuwa ndiyo raha yetu, kila mtu kainamisha kichwa upande wake, amefumba jicho moja, anasikilizia utamu. Hakuna aliyetukataza. Nani angetukataza, wakati muuguzi aliyepanga chumba cha tatu alikuwa anatumia kalamu?

Mlio ulianza baada ya Pasaka. Nilitoka kazini saa kumi na mbili, nikafika chumbani, nikakaa kitandani, na mahali palipotakiwa kuwa na ukimya pakawa na kitu. Sauti nyembamba, ya juu, ndani ya sikio la kushoto, haikatiki. Nilitoka nje kuangalia kama kuna nyaya za umeme zinazolia. Nikarudi. Nikaziba sikio kwa kidole, ikazidi. Siku ya tatu nikamweleza Mama Zaituni, mwenye nyumba wetu. Alikuwa mjane, baba yake Mmanyema, mama yake Msukuma, mtu wa mjini aliyezaliwa mjini, na hapakuwa na jambo asilolijua. Aliacha kuchuja nazi, akanitazama. "La kushoto?" akauliza. Nikasema la kushoto. "Pole mwanangu. La kulia likilia unasifiwa. La kushoto unasengenywa. Tena kila siku? Basi mtu huyo anakujua vizuri." Nikacheka. Hakucheka. Akanifundisha namna ya kumjua mtu huyo: kaa peke yako, taja majina ya watu polepole, mmoja mmoja, na jina ambalo sikio litatulia kwalo, huyo ndiye. Yeye mwenyewe aliwakamata mawifi zake wawili kwa njia hiyo. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja." Wapangaji waliokuwa wakisikiliza wakaitikia kwa vichwa, akiwemo yule muuguzi.

Nataka nieleweke. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliweza kufungua redio kaseti na kuirudishia. Lakini ni nani mwingine aliyeniambia kitu? Muuza duka la dawa aliniuzia vidonge vingine, vilevile ila vya rangi tofauti. Bwana Rajabu alisema ni baridi ya ziwa. Mama mmoja wa Kirumba alinitia mafuta ya karanga ya uvuguvugu, nikanuka chapati wiki nzima. Kila mtu alikuwa na neno, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe Veneranda, mchana kutwa unafanya nini na hayo masikio? Mama Zaituni peke yake ndiye aliyekuwa na jibu lenye jina na uso. Nakiri kwamba lilinifaa. Sikio linaloharibika kwa kahawa na chumvi na hedifoni linamtaka mwenyewe aache kahawa, chumvi na hedifoni. Sikio linalosengenywa linamtaka mtu mwingine aache.

Jumatano moja jioni nikakaa kitandani, pazia limefungwa, nikataja majina. Nilianza na watu wa kazini, nikaja kwa wapangaji, nikapita kwa mwenye nyumba na bintiye. Majina kumi, na mlio haukuyumba. Nje nilisikia Kabula anarudi, anasalimia watu, anaweka vitu vyake barazani, anapampu jiko. Nikataja la kumi na moja, jina lake. Mlio ukazama. Ukatulia kabisa, kama mtu aliyefunga mdomo. Alipoingia kuchukua sufuria akaniuliza, "Mbona umekaa gizani?" nikajifunika shuka.

Baada ya hapo nilianza kumpima, na kila kipimo kilinipa jibu lilelile. Kabula akiwa chuoni, sikio linalia. Akirudi na kuwasha jiko, linatulia. Akimaliza kupika na kuzima, akatoka kwenda chumba cha Zaituni kuazima pasi, linaanza. Ushahidi gani mwingine mtu angetaka? Akiwa mbali ananisema, akiwa mbele yangu ananyamaza. Nilianza kula nikiwa nimempa mgongo. Niliacha kumwitikia. Yeye akadhani naumwa, akawa ananiwekea mapanki ya tumboni, yenye mafuta, nami nikaona hiyo ni rushwa. Jioni moja nilisikia sauti yake kupitia juu ya ukuta, akiwa kwa Zaituni. "Vene siku hizi hata ukimwita hasikii," alisema, halafu akasema kitu kingine kwa sauti ya chini, na wote wawili wakacheka. Mpaka leo sijui walichekea nini. Wasichana wa miaka ishirini na nne wanaweza kuchekea hata bakuli. Lakini jina langu lilikuwemo, na sikio lilikuwa limeniambia mapema.

Nilimvaa Jumamosi, barazani, watu wote wakiwepo. Alikuwa amekaa na daftari lake, anajipima kwa kuandika maneno ya taarifa ya habari iliyokuwa ikitoka redioni kwa jirani. Nikamsimamia kichwani. "Kabula, mimi nimekukosea nini?"

Akainua macho. "Kunikosea vipi?"

"Unanisema. Kila siku unanisema. Nimejua."

"Nani kakwambia?"

"Sikio langu."

Mtu mwingine yeyote, mahali pengine popote, angecheka, na mambo yangeishia hapo. Pale barazani hakuna aliyecheka. Muuguzi aliweka chini kalamu yake. Kabula aliangalia nyuso zile zote, akaona kwamba kesi imeshafunguliwa na yeye ndiye mshtakiwa. "Mimi nakusema kwa nani, Vene?" akauliza. "Nakusema nini? Nitoe hata neno moja nililolisema." Sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa na mlio tu. Basi nikapaza sauti, kama afanyavyo mtu asiye na neno, nikamwita mchawi wa maneno, nikasema sitalala naye chumba kimoja. Mama Zaituni akatoka akiwa na ushungi begani. "Mimi sitaki fitina ndani ya nyumba yangu," akasema. "Chumba ni cha Veneranda. Kama hamuwezani, mwenye kuondoka anajulikana." Kabula akapiga magoti, kweli alipiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji. "Mama, mtihani wangu ni wiki tatu zijazo. Nipe wiki tatu tu." Mama Zaituni akanitazama mimi. Lilikuwa langu la kusema. Nikasema, "Hapana."

Aliondoka Jumapili asubuhi na godoro lake, sanduku lake na jiko lake. Hakuwa na ndugu mjini. Alirudi Misungwi, mtihani ukafanywa bila yeye, na mtu aliyekuwa na mwendo wa vidole wa haraka kuliko darasa lake zima akaenda kulima pamba kwa shangazi yake. Na sikio langu je? Lilizidi. Nilikuwa napikia mkaa sasa, chumba kimya, mlio umejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia Kabula sasa ananisema Misungwi nzima. Nilikaa na wazo hilo mpaka Krismasi. Halafu wazo likachoka lenyewe, nikabaki na mlio na aibu, na aibu nikaipa kazi nyingine ya kufanya. Niliolewa, nikahama, Bwana Rajabu akafunga kibanda kanda zilipokufa. Sikumwandikia hata barua. Mwaka wa kwanza niliona ni mapema, wa tano nikaona nimechelewa.

Haya yote yangebaki pale yalipokuwa kama si daktari, alipokuwa ananiaga, kuongeza neno moja. Alisema hana dawa ya kuuondoa mlio, lakini kuna mambo ya kunipunguzia adha. Nipunguze kahawa nione. Nipunguze chumvi. Nisimeze vidonge kiholela, nimuulize daktari kwanza. Vijiti nivitupe. Nilale. "Na ukiwa mahali pa kimya sana, mama, weka sauti nyingine ndogo. Redio ya chini, feni, kitu chochote kinachovuma. Sikio likipata kitu kingine cha kusikiliza, mlio unafunikwa. Hauondoki, unafunikwa." Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Nikasikia jiko la Kabula. Nililisikia linapigwa pampu, linakohoa, linashika, linanguruma mbele ya mlango wetu, kila jioni, mara tu alipofika. Nilirudi nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Binti wa watu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hasira yangu siku ya msiba, na sasa Kabula yuko mbele yangu na ungo. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikachukua ungo mwingine. Tukaulizana watoto, wajukuu, magonjwa. Alikuwa na wajukuu saba na duka la mbegu. Kisha nikamweleza. Nilimweleza kwa mpangilio, kama niliyekuwa nimekariri: spika nne, hedifoni, kahawa, vidonge, chumvi, vijiti, na mwisho jiko. Nilitaka anisamehe, na nilitaka daktari ndiye aniombee. Nilitegemea atapiga mikono kwa mshangao, tucheke, tulie kidogo, na tuiweke lawama yote juu ya jiko la mafuta ya taa, ambalo lisingejitetea.

"Kwa hiyo lilikuwa jiko," Kabula akasema.

"Lilikuwa jiko, ndugu yangu."

"Na kahawa. Na hizo hedifoni."

"Daktari anasema huenda."

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nyuma ya bega. "Nikuulize, Vene. Siku ile ulipokaa kutaja majina. Mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Wa mwisho."

"Wa mwisho, ndiyo."

"Na kabla yangu, halikutulia hata mara moja? Majina yote kumi?"

Nimeandika hapo juu kwamba mlio haukuyumba. Nimekuwa nikiisimulia hivyo maisha yangu yote, kwa mume wangu, kwa watoto, mpaka nikaizoea, na nilipoanza kuandika sura hii mkono uliandika vilevile bila kuniuliza. Si kweli. Ulitulia kwenye jina la Bwana Rajabu, kulipokuwa na lori linapanda mlima. Nikajiambia nimekosea, nikaanza upya. Ukatulia kwa Mama Zaituni, jirani alipokanyaga cherehani. Nikaanza upya tena. Bwana Rajabu alikuwa ameshika kazi yangu. Mama Zaituni alikuwa ameshika chumba changu. Mara mbili sikio lilinipa watu nisioweza kuwafanya kitu, na mara mbili nililinyamazisha nikaendelea kutafuta, mpaka nikafika kwa msichana aliyekuwa anakaa kwangu kwa hisani, asiye na ndugu mjini, mwenye wiki tatu tu za kuomba.

Nilimwambia hayo. Sauti yangu ilikuwa mbaya, na mama aliyekuwa karibu yetu akasogea mbali kidogo kwa heshima. "Lilitulia kwa wengine," nikasema. "Nikakuchagua wewe kwa sababu wewe usingeweza kunifanya kitu."

Kabula aliendelea kuchambua mpaka akamaliza mchele ule wa ungoni, akapeperusha pumba.

"Hilo nililijua siku ileile, nikifunga godoro," akasema. "La jiko ndilo nililokuwa silijui."

Akainuka na ungo wake, akaenda kukaa upande wa pili wa ua, karibu na Zaituni. Mimi nilibaki na wangu, na mchele ulikuwa bado mwingi.